Jumamosi ya sita: Sungura kanasa mkono wa kwanza

Leo wamekuja watoto 17, mkeka haukutosha. Tumekaa chini ya mwembe uani kwetu Mbagala. Nikaita "Paukwa!", wakaitikia "Pakawa!" mpaka jirani akachungulia.

Kwa asiyejua nilipoanzia: nakusanya ngano za kuwasaidia watoto wa mtaani kwetu kuzuia hasira. Nilianza baada ya ugomvi wa gololi ulioisha kwa mtoto kupasuliwa nyusi kwa jiwe. Watu wazima tulimzunguka aliyerusha, kila mmoja anamwambia "hasira hasara". Mtoto anatetemeka mwili mzima, hata hasikii tunachosema.

Ngano niliyoishikilia ni ya kisima. Sungura kakataa kuchimba na wenzake, usiku anakuja kuiba maji. Wanyama wakasimika sanamu lililopakwa ulimbo. (Kwingine anayepakwa ni Kobe, mgongoni.) Sungura akasalimia, kimya. Akasalimia tena, kimya. "Unanidharau?" Akalizaba kofi, mkono ukanasa. Kofi la pili, teke, kichwa, vyote vikanasa.

Jumamosi tatu za mwanzo nilikosea. Nilisimulia mpaka mwisho, kisha nauliza tumejifunza nini. Walijibu kwa sauti moja kama wako darasani, na kabla sijakunja mkeka wameshapigana. Sasa nakatiza pale pale mkono wa kwanza unaponasa. Nanyamaza. "Afanye nini?" Mwanzoni wote walipiga kelele: "Ampige na wa kushoto!"

Wiki iliyopita nilinunua fenesi zima, nikalipasua mbele yao. Kila mtoto akagusa utomvu kwa vidole vya mkono mmoja. Wakaanza kuukwangua kwa mkono wa pili, nao ukashikwa. Mmoja akajifuta kwenye kaptula, ikawa mkono na kaptula. Nikazunguka na kichupa cha mafuta ya alizeti, matone mawili matatu kila kiganja, wakasugua taratibu hadi ukaachia. Walitulia kuliko siku zote. Kisha tukala fenesi.

Leo nilipokatiza, yule yule wa jiwe la gololi alikuwa akisugua vidole vyake. Akasema, "Asubiri kwanza. Si mkono mmoja tu umenasa?" Koo lilinikaba, nikashindwa kuendelea kwa muda. Baadaye kwenye foleni ya uji alisukumana na mwenzake, nikawaachanisha. Nayo naiandika.

Inayofuata ni Kima na Papa, mojawapo ya ngano za Zanzibar ambazo mmisionari Mwingereza Edward Steere alizichapisha mwaka 1870. Kima yuko mgongoni kwa papa, katikati ya bahari, ndipo anaambiwa moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani. Hapigi kelele wala hang'ati. Anasema moyo ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Naipenda kwa sababu Sungura anawaonyesha watoto namna ya kunasa, lakini hajawaonyesha kichwa kinachofanya kazi wakati moyo unadunda. Bado natafuta pa kukatiza. Nadhani ni baada ya papa kusema, kabla kima hajafungua mdomo.

Wakati nakunja mkeka, kabinti ka darasa la kwanza kalibaki nyuma. "Anti, sanamu lingemjibu salamu, Sungura angelipiga?"

Nimemwomba aulize tena Jumamosi, wenzake wakiwepo.