Kiingilio Shilingi 20

Mwaka 1996 mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo, alirudi Tanga na kanda ya video aliyonunua bandarini huko Marekani. Na ganda lake sasa! Superman kifua mbele, misuli imetuna, joho jekundu linapepea, na chini imeandikwa dakika 60. Sikulala. Kulipokucha nikaitangazia mitaa ya Ngamiani, na watoto kumi na wanne wakalipa shilingi 20 wakajipanga mkekani mbele ya deki ya mjomba.

Ilikuwa katuni, na ilianza vizuri mno. Roboti kubwa likaingia benki, likabeba hela, mikono ikawa mabawa, likapaa. Stelingi akabadili nguo ndani ya kibanda cha simu. Chuma kilichoyeyushwa kilipomwagwa kumchoma Lois, yule mwandishi wa habari, akamkinga kwa joho lake. Mkeka mzima ulisimama.

Dakika ya kumi ikaisha. Tukamngoja stelingi arudi, akaja mfupi mmoja mnene wa katuni nyingine, Gabby, anayebwata kuliko mnadi samaki. Akaondoka, wakaja wanyama wanaoimba. Superman hakuonekana tena.

"Rudisha hela!"

Hela ilishakuwa ubuyu. Nilijua nimepigwa changa la macho, ila wao walijua mimi ndiye niliyewapiga.

Ukubwani ndipo nikajua mchezo wenyewe. Zile katuni 17 za Superman zilitengenezwa kati ya 1941 na 1943, za mwanzo zikiwa za studio ya akina Fleischer. Sheria ya Marekani wakati ule ilitoa hakimiliki ya miaka 28, na asiyeisajili upya aliipoteza. Hizo hazikusajiliwa upya, zikawa mali ya umma, na yeyote mwenye mashine ya kunakili akaweza kuziuza. Hilo sina ugomvi nalo. Bila hivyo kanda isingefika Tanga. Ugomvi wangu ni lile ganda: picha ya kisasa juu ya filamu ya kabla mama hajazaliwa, tena moja tu.

Siku ile tuliafikiana niirudishe nyuma. Nikarudisha mara saba, na wiki nzima iliyofuata kila mwenye deni lake alikuja kudai.

Kanda ninayo bado. Roboti limebaki mistari na chenga. Gabby anang'aa kama siku ya kwanza.