Siku moja maishani mwangu: kardani ya alumini chini ya pikapu, Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua la Oktoba halijaanza kuchoma mabati ya mtaa wetu wa Kamalondo, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mlangoni mwa karakana yangu, kikombe cha chai mkononi, nikiitazama kardani iliyolala juu ya matairi mawili makuukuu. Nilikuwa nimeinunua juzi yake kwa dola 120 kutoka kwa muuzaji wa vipuri aliyeanza kwa kunitajia 200, tena kwa uso wa mtu anayetoa msaada. Ilitolewa kwenye pikapu ya Ford F-150 iliyogongwa mbele, na siku hiyo ilikuwa ipandishwe kwenye pikapu nyingine ya aina hiyohiyo, ambayo mwenyewe huitumia kubebea mizigo kati ya Lubumbashi na Likasi. Kwa wasomaji wa pwani niseme mapema kwamba kardani ndiyo wao huiita propela shafti: lile bomba refu linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma.

Magari mengi tunayoyatengeneza mtaani kwetu ni yale yaliyotumika Japani, yakashushwa Dar es Salaam na kuingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kardani zake karibu zote ni za chuma. Ya alumini huja mara chache, na fundi aliyezoea chuma huiharibu kwa mambo yaleyale anayoyafanya kila siku bila kuwaza: nyundo, moto na soda kali ya kuoshea vyuma. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu moja hivyo, na nitaieleza mbele.

Saa kumi na mbili kijana ninayemfundisha kazi alifika, tukaiinua pikapu na kuiweka juu ya stendi, nikamtuma chini. Kardani iliyokuwamo ilikuwa na shimo la kubonyea lenye upana wa kiganja. Mwezi uliopita gari lilinasa kwenye tope, na watu waliokuja kusaidia wakazungusha mnyororo wa kuvutia kwenye kardani kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza walichokiona. Mwenye gari aliniuliza kama shimo hilo haliwezi kunyooshwa kama tunavyonyoosha mlango. Nilimjibu kwamba bomba hilo hubeba nguvu ya kusokotwa, na likishabonyea hupoteza umbo la duara linalolipa uimara. Siku moja atakanyaga mafuta akiwa na mzigo, lijikunje palepale penye kidonda.

Kabla ya kulegeza chochote tulipiga alama ya chaki ya mafuta kwenye flanji ya difu, ile sahani ambayo kardani hufungwa kwa boliti, na kwenye kardani ya zamani, ili nione ilivyokuwa imekaa. Kisha tukafungua boliti nne za nyuma, zenye vichwa vya pembe 12, ambazo spana ya kawaida ya pembe sita haizishiki. Nikamkanya kijana asijaribu koleo, maana kichwa kikishaviringika kazi ya dakika kumi huwa ya nusu siku. Uma wa mbele, ule unaoteleza kwenye meno ya giaboksi, ulipotoka, mafuta yalianza kumwagika mara moja, tukaziba tundu kwa mfuko wa plastiki na mpira.

Kufikia saa moja na nusu kardani mbili zilikuwa zimelala sambamba sakafuni, nami nikaanza kupima. Urefu kwanza, kutoka kitovu cha msalaba wa mbele hadi kitovu cha msalaba wa nyuma, yaani vile viungo vya kupinda vilivyo kwenye ncha zake, kwa sababu pikapu hizo huundwa kwa urefu tofauti na muuzaji wa vipuri humwapia kila mtu kwamba ni sawasawa. Zililingana. Kisha nikaweka ile ya kununua juu ya vibao viwili vilivyochongwa pembe, nikaizungusha polepole chini ya saa ya kupimia, ile ambayo sindano yake husoma sehemu za mia za milimita. Katikati ya bomba ilicheza sehemu 30. Mimi huwa sikubali zaidi ya 50, kwa hiyo nilishusha pumzi. Mama muuza unga wa jirani alitukubalia kutumia mizani yake, nayo ikasoma kilo tisa na nusu; kijana aliibeba begani peke yake akarudi nayo akicheka.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kijana alikuwa tayari ameshika kopo la soda kali ambayo tunaoshea vichwa vya injini vya chuma, akiwa anatafuta ndoo.

«Patroni, si itatoa uchafu wote mara moja?»

«Itatoa uchafu, kisha itaendelea kula kardani yenyewe.»

Nilidondosha tone la maji ya soda kwenye kipande cha alumini cha sufuria iliyovunjika, akaliona likitoa mapovu. Mapovu hayo ni hidrojeni, nayo alumini huwa inayeyuka mbele ya macho yako. Tukatumia maji ya moto, sabuni ya kawaida na brashi ya nailoni, na penye madoa magumu msasa laini. Brashi ya waya wa chuma niliificha, kwa kuwa huacha chembechembe za chuma ndani ya alumini, na hizo ndizo huanzisha kutu mpya. Tulipofika kwenye vile vipande vidogo vilivyochomelewa juu ya bomba, nilimwonyesha kwamba si takataka ya kiwandani. Ndivyo vizito vya kusawazisha mzunguko, na kimoja kikibanduka, usawa wote umekwenda. Mwisho nikapulizia rangi nyekundu ya kutafutia nyufa kwenye mishono ya kuchomelea, nikasubiri, nikaifuta na kupaka unga mweupe. Ufa hujichora wenyewe kwa mstari mwekundu, nasi hatukuona mstari wowote.

Saa tatu tukaingia kwenye kazi yenyewe, yaani kutoa misalaba ya zamani. Msalaba wa kardani, ambao wengi hapa huuita kruwazio, una miguu minne, na kila mguu umevaa kikombe cha chuma chenye sindano za beringi ndani. Vikombe hivyo vikikaa miaka ndani ya masikio ya alumini, zile ncha za uma zenye matundu, na maji ya barabarani yakapita katikati, metali mbili tofauti hufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Hubaki unga mweupe ambao huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa, hivyo hubana kikombe kana kwamba kimegandishwa kwa saruji.

Hapo ndipo nilipoharibu ile ya kwanza, miaka mingi iliyopita. Kikombe kilikataa, nikawasha gesi kama ninavyofanya kwa chuma, nikangoja sikio la uma ligeuke jekundu ili nijue limepata moto wa kutosha. Alumini haigeuki nyekundu. Hubaki na rangi yake ileile mpaka karibu na kuyeyuka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba alumini ya daraja la 6061, inayotumika sana kwenye mabomba ya aina hii, hupewa nguvu zake kiwandani kwa kupashwa takriban nyuzi 160 hadi 180 kwa saa kadhaa, na ukiuvuka moto huo kwa mwali wa gesi, unaifuta nguvu hiyo bila alama yoyote ya kuonekana. Kikombe kilitoka vizuri sana. Wiki tatu baadaye tundu la sikio lilikuwa limetanuka na kuwa kama yai, gari likarudi likivutwa, nami nikailipa kardani hiyo kwa fedha zangu.

Siku hizi natumia maji yanayochemka. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, nayo ni salama kabisa kwa alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kwa kikombe chenye kipenyo cha milimita 27, kama nilivyokipima kwa kalipa, tofauti hiyo hufika sehemu mbili za mia za milimita. Ni kidogo kuliko unywele, lakini ndiyo inayoamua kama presi itasukuma au itapasua. Tulitoa pete za kubania, mafuta ya kupenya yakiwa yamekaa tangu jana yake, tukamimina maji kutoka birika la jikoni juu ya sikio, kisha tukasukuma kwa presi ya mkono polepole, huku sikio limeegemezwa ili lisipinde. Vikombe saba vilitoka kwa mlio mdogo. Cha nane kilitaka mabirika matano na nusu saa ya subira, na kijana alinitazama mara mbili akiitazama pia nyundo.

Saa sita umeme ulikatika, jambo ambalo halikutuzuia maana presi yetu ni ya mkono, ila feni ilisimama na joto likatusukuma nje. Tulikula bukari, yaani ugali, na samaki wadogo wa kapenta chini ya mwembe, na mwenye gari, aliyekuja kutuona, akauliza kwa nini bomba la alumini ni nene kuliko la chuma ikiwa lengo ni wepesi. Ni swali zuri, na mafundi wengi hulijibu vibaya. Hudhani kwamba alumini, kwa kuwa ni nyepesi, huweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila kuanza kuyumba. Uzito wake ni karibu theluthi ya chuma, lakini ukaidi wake wa kukataa kupindika nao ni karibu theluthi, kwa hiyo kwa kipenyo kilekile haupati faida yoyote: mabomba mawili yataanza kuruka katikati, kama kamba ya watoto, kwenye kasi ileile. Kinachoipandisha kasi hiyo ni kipenyo, na kinachoishusha ni urefu, tena kwa ukali, kwani urefu ukiwa maradufu kasi hiyo hubaki robo. Wepesi wa alumini humruhusu mwenye kiwanda kunenepesha bomba bila kulifanya mzigo, na hivyo kuweka kipande kimoja kirefu mahali ambapo chuma kingetaka vipande viwili na beringi ya katikati. «Basi ndiyo maana ni nene kama paja langu,» alisema, akaomba maji ya kunywa.

Saa saba mchana tulirudisha misalaba mipya. Nilichagua ile isiyo na chuchu ya grisi, ambayo vikombe vyake vimepakwa utando wa kutenganisha chuma na alumini; ni ghali kidogo, lakini kuweka kikombe kitupu ni kuianzisha upya ile betri. Matundu tuliyasafisha kwa msasa laini kwa mkono, bila mashine. Kikombe cha tatu kiligoma karibu na mwisho, nikamsimamisha kijana papo hapo. Kilipofunguliwa, sindano moja ilikuwa imeanguka na kulala chini ya mguu wa msalaba. Angeongeza nguvu, angepasua kikombe au sikio. Pete zote zilipokaa kwenye mifereji yake, msalaba ulikuwa mgumu kugeuka, nikagonga kidogo kwenye sikio kwa nyundo ya mpira, ukalegea.

Kupandisha kulikwenda haraka. Tulibadilisha sili ya mafuta nyuma ya giaboksi, tukapaka uma wa kuteleza mafuta safi, tukahakikisha kwamba umebakiza kama sentimita mbili kabla ya kugota ndani, maana chombo kikishuka kwenye shimo la barabara lazima uwe na mahali pa kwenda. Boliti zilikazwa kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha gari. Mafuta ya giaboksi yaliyopotea tukayarudisha.

Saa kumi alasiri tuliegemeza ekseli ya nyuma juu ya stendi ili pembe za kardani zibaki kama za barabarani, nikawasha na kupandisha taratibu, kijana akiwa mbali, kwa amri na si kwa ombi. Kwenye kilomita 80 kwa saa kardani ya gari hilo huzunguka karibu mara 1,900 kwa dakika, na kwenye mwendo huo kiti kilianza kunong'ona chini yangu. Sina mashine ya kusawazishia. Nina kolie mbili, ile mikanda ya chuma ya kubania hosi. Nilizifunga karibu na ncha ya nyuma, vichwa vikiwa pamoja, nikaligawa bomba kwa chaki sehemu nne na kujaribu kila sehemu. Kwenye alama ya kwanza mtetemo ulizidi, kwenye ya tatu ukapungua sana, kisha nikavitenganisha vichwa kidogo kidogo pande mbili za alama hiyo mpaka kikombe cha maji nilichokiweka juu ya dashibodi kikatulia. Majaribio yalikuwa 11, na kila jaribio ni kuzima, kulala chini, kulegeza, kukaza, kuamka.

Saa kumi na mbili kasorobo mwenye gari na mimi tulitoka barabara ya Likasi, jua likizama nyuma ya vichuguu vyekundu. Kilomita 60, 80, 100. Alizima redio ili asikie. Tulipogeuza, alinyoosha mkono akaiwasha tena, akaongeza sauti.

Karakana nilimkuta kijana ameikata kardani ya zamani kwa msumeno. Bomba lililobonyea alikuwa ameliweka kando kwa ajili ya wayeyushaji wa sufuria, lakini ule uma wa nyuma, wenye msalaba wake bado ndani, alikuwa ameufunga kwenye jiliwa, na birika lilikuwa jikoni likichemka.