Mbuzi ya Hajji

Ilikuwa 2018, mwezi wa nane, Idd ya kuchinja imekaribia na serikali imeshatuwekea ile kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, tangu mwezi wa saba, shilingi 200 kwa siku ndo uingie WhatsApp. Sisi wafanyabiashara wa Busia upande wa Uganda tulikuwa na grupu na wenzetu wa Mombasa, kazi yake bei za mahindi na malori yamekwama wapi, lakini ukishalipa mia mbili yako kwani utasoma bei tu? Vichekesho ndo vilijaa.

Siku hiyo jamaa mmoja wa Kongowea, Mombasa, akaandika: "Nauza mbuzi yangu, meno makali, majani haili, bei poa."

Hajji, jirani yangu wa duka la nafaka, alikuwa anahangaika kutafuta mbuzi wa Idd maana bei zilishapaa. Akajibu hapo hapo: "Iko na kilo ngapi? Dume ama jike?"

"Hajji, hilo sijui, lakini ukiikalia vizuri haisumbui."

Weee, watu wa Mombasa wakaanza kumwaga emoji za machozi, Hajji akanigeuzia simu, "Kijana, hawa wanacheka nini, mbuzi inakaliwa?"

Mi nilishaishi Mombasa kwa hiyo nilimshtukia tangu pale kwenye "yangu". Mtu wa pwani mbuzi wa kufuga atakwambia wangu, akisema yangu ujue ni ile ya kukunia nazi, kibao cha kukunja unakalia, chuma chenye meno kimechomoza mbele. Mtego mzima uko kwenye herufi moja! Sasa sisi huku bara mbuzi yangu, ng'ombe yangu, wengine hata mtoto yangu, yote sawa tu, Hajji angejuaje? Na nazi yenyewe Busia nani anakuna.

Jamaa akatuma picha. Hajji akaikodolea macho, akavaa miwani, akaikodolea tena, halafu akaandika polepole kwa kidole kimoja: "Sawa, naichukua. Nakulipa na Rolex."

Grupu kimya. Kisha jamaa, ambaye mpaka wa Busia hajawahi kuvuka: "Rolex orijino?"

"Orijino kabisa."

"Mkanda wa ngozi ama wa chuma?"

Hapo sisi wa huku tulishaanguka chini.

"Wa chapati," Hajji akajibu. "Rolex ya Uganda, mayai mbili na nyanya ndani."