Mjusi na mkono wa kuume wa Mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Mithali 30, mstari wa 24 hadi wa 28, pale Aguri, mwenye maneno ya mlango huo, anapowataja viumbe vinne vidogo wenye akili nyingi: chungu, wibari, nzige na mjusi. Mlango huo nimeufundisha Shule ya Jumapili miaka mingi, na kila mara nilikuwa nampitia mjusi haraka haraka kwa sababu sikuwa na la kusema juu yake. Chungu ana akiba yake, somo lake kila mtoto analijua. Nzige hawana mfalme na bado wanakwenda vikosi vikosi. Lakini mjusi? Aguri anasema hushika kwa mikono yake, naye yumo katika nyumba za wafalme. Basi, hakuna zaidi.

Tangu mwezi wa pili nalala chumba kimoja na Mama. Habari zake mnazijua. Mmekuja, mmeomba, mmeleta ndizi na maziwa. Kiharusi kilimkuta kule Kibosho akikata majani ya ng'ombe, tukamshusha hapa Pasua, mjini Moshi, ili awe karibu na matibabu. Upande wa kulia haufanyi kazi. Usiku usingizi unamkimbia, na mimi vilevile, kwa hiyo tunaacha taa ya nje ikiwaka. Taa inavuta wadudu, wadudu wanavuta mijusi, na mijusi wanakuja kusimama kwenye kioo cha dirisha, mbele ya kitanda cha Mama.

Ndugu zangu, Mama alikuwa adui mkubwa wa mjusi kafiri. Ufagio wa chelewa ulikaa nyuma ya mlango kwa kazi hiyo. Tulikua tukiambiwa kwamba akitumbukia kwenye maziwa, nyumba nzima itakufa. Nimefundisha baiolojia miaka kumi na tisa na najua kwamba mjusi huyu hana sumu, lakini hofu uliyolishwa utotoni haiondoki kwa cheti cha ualimu. Usiku mmoja nikasikia Mama anasema polepole, kwa ule ulimi wake mzito wa siku hizi, "Yule mwenye mkia mfupi amerudi." Nikajua amekuwa akiwahesabu.

Ni kweli, mmoja mkia wake ni mfupi na rangi yake imepauka, hauna madoadoa kama mwili. Huo ni mkia wa pili. Mjusi akikamatwa mkia, anaukata mwenyewe: ndani ya mifupa ya mkia kuna sehemu zilizoumbwa dhaifu makusudi, misuli inabana, mkia unaachia, na mishipa ya damu inajifunga. Adui anabaki na mkia unaorukaruka, mwenye mkia amekwenda zake. Unaoota baadaye hauna mifupa, una gegedu, kama ile tunayoishika sikioni. Nilipomweleza, Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wakati ule kinachomuuma ni mkia au ni moyo. Sikuwa na jibu.

Kioo kina faida moja. Ukutani mjusi unamwona mgongo, kwenye kioo unamwona tumbo. Ngozi ni nyembamba kiasi kwamba jike mmoja tuliona mayai yake mawili, meupe, yamekaa pande mbili kama maharage ndani ya mfuko wa nailoni. Na vidole vinaonekana vyote. Kila kidole kimetanuka mbele, na chini yake kuna mikunjo iliyopangana kama matuta ya shamba la mteremkoni. Nilileta lenzi ya shule, ile inayokuza mara 10, nikaibandika kwenye kioo kwa upande wetu. Mama akaangalia kwanza. Alikaa na lenzi ile mkononi, mkono wa kushoto, muda mrefu kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Akaniuliza anashikaje pale, maana kioo hakina pa kushika.

Wengi hudhani ana gundi. Hana, vidole vyake ni vikavu na havina tezi ya kutoa kitu cha namna hiyo. Wengine hudhani anafyonza kama kile kikombe cha mpira tunachokibandika kwenye vigae, lakini hata ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote bado anashika. Kucha anazo, ila kwenye kioo kucha hazina kazi. Siri iko kwenye ile mikunjo. Imejaa vinywele ambavyo kila kimoja urefu wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na ncha ya kila kinywele inachanua kuwa mamia ya vincha bapa. Kincha kimoja ni kidogo kiasi kwamba ukitaka kujaza milimita 1 inabidi upange 5,000 mstari mmoja. Mimi nikibonyeza kidole changu kwenye kioo kwa nguvu zote, kwa macho ya vitu vidogo hivyo nimegusa vilele vichache tu. Kioo kina milima na mabonde yake. Vile vincha vinaingia mpaka bondeni.

Na vitu viwili vikikaribiana kiasi hicho, molekuli zake huvutana. Mvuto huo unaitwa kwa jina la Mholanzi Johannes Diderik van der Waals, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910. Ni mvuto dhaifu mno. Upo kati ya mkono wangu na meza ninayoandikia sasa hivi, wala siuhisi, kwa sababu mkono wangu na meza havijakaribiana vya kutosha. Mwaka 2000 mtafiti Kellar Autumn na wenzake walipima kinywele kimoja cha tokay, mjusi mkubwa wa Asia ya Kusini-Mashariki, wakakuta kinaweza kubeba uzito wa chungu mmoja. Chungu wa Aguri ananing'inia kwenye unywele wa mjusi wa Aguri! Mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kazi hiyo inafanywa na mvuto huu wa ukaribu. Miguu yote minne ya tokay ina vinywele kama milioni sita na nusu. Vyote vikishika kwa pamoja, kwa hesabu, vingebeba kilo 130, gunia la mahindi na zaidi, kwa mnyama asiyefika hata nusu kilo.

Kuachia nako ni kazi nyepesi. Havuti mguu. Anakunja ncha za vidole kuelekea juu, kama mtu anayebandua plasta kuanzia pembeni, na pembe ya vinywele ikibadilika vinaachia vyenyewe. Hilo lenzi inaonyesha vizuri, mkimvizia akiwa anatembea polepole. Vumbi likimshika miguuni, hatua chache mahali safi zinatosha, vumbi linabaki ukutani na mguu unashika tena. Ni kweli pia kwamba anaanguka. Miguu ikilowa sana, kwenye kioo chenye maji, mshiko unapungua, na masika hii tumesikia mara kadhaa pu! kwenye sakafu ya baraza. Baada ya muda tunamwona yuko juu tena.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walipima mjusi akiwa hai, kisha wakampima tena amekufa. Mguu ulishika kwa nguvu ileile. Hakuna bidii pale. Mjusi hakazi msuli ili asianguke, wala hachoki kwa kushika. Ameumbiwa mguu unaoshika, na kazi yake yeye ni kuuweka tu.

Nilisoma hilo usiku nikalia, na nitawaambia kwa nini.

Mtaalamu wa mazoezi alitupa mpira mdogo wa kuminya. Kila asubuhi nilimwekea Mama mkono wa kulia nikamwambia, "Kaza, Mama. Shika. Kaza." Vidole havikufunga. Na mimi sauti ikawa inapanda, nikidhani namtia moyo. Asubuhi moja machozi yakamtoka, na hakusema kitu. Nikagundua kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa ninaomba tangu mwezi wa pili, kwa kukaza. Nikifunga siku tatu naona hazitoshi, naongeza. Nikisinzia kwenye maombi najihukumu kwamba nimelegea na ndiyo maana mkono haujapona. Na nimewafundisha ninyi hivyohivyo, kwamba imani ni kung'ang'ania, anayelegea ameanguka. Najua habari ya Yakobo aliyekataa kumwachia malaika hadi abarikiwe, na siifuti. Lakini tusome na Isaya 41:13. Pale Mungu anasema yeye ndiye atakayemshika mtu wake mkono wa kuume, na kumwambia asiogope.

Nilimsomea Mama mstari huo. Akautazama mkono wake ulivyolala juu ya shuka. Akasema, "Wa kuume ndio huu usioshika. Basi na ashike yeye."

Mazoezi ya mpira tunaendelea nayo, msinielewe vibaya. Mtaalamu ameagiza na tunamtii. Neno "kaza" ndilo nimeliacha. Sasa naweka mpira kwenye kiganja chake, naufunika mkono wake kwa wangu, tunakaa hivyo.

Nimemfikiria na wibari. Biblia yetu inamwita hivyo, sisi tunamjua kama pimbi, na msituni juu ya Kibosho yuko ndugu yake wa mitini, perere, yule mwenye kelele za usiku zinazoanza kama mlango unaokwaruza na kuishia kama mtu anayechinjwa. Mama anasema hapa mjini anachokikosa kuliko vyote ni perere. Mwaka juzi nilipeleka wanafunzi Serengeti, na pale Seronera asubuhi na mapema tulikuta pimbi kwenye mwamba wamelaliana, watoto juu ya wakubwa. Huyu ni mnyama mdogo wa kilo chache, lakini ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Nyayo zake ni laini kama mpira na zina unyevunyevu, na katikati ya unyayo panaweza kuvutwa juu, hivyo anashika jiwe la mteremko bila kuteleza. Pamoja na hayo yote hawezi kulinda vizuri joto la mwili wake. Usiku wa baridi lazima alale juu ya mwenzake, na asubuhi aote jua kabla ya kutafuta chakula. Aguri anawaita wibari watu dhaifu, na ndivyo walivyo. Wanafunzi walicheka walivyorundikana. Nami nilicheka nao. Leo namkumbuka yule wa chini kabisa, aliyekuwa amefumba macho.

Nzige nawaacha, wanastahili tafakari yao wenyewe.

Kuna ndugu aliniuliza, kwa nia njema, kama kujua habari za molekuli hakupunguzi sifa kwa Muumba. Kwangu mimi kumeongeza. Nilipokuwa sijui, nilimpiga mjusi kwa ufagio. Aguri hakuwa na lenzi, lakini alimtazama mjusi vizuri mpaka akaona kwamba jambo lake liko mikononi, na hapo alitaja hasa penyewe. Sisi tuna lenzi na tuna vipimo, na tunapita chini ya dari ileile bila kuinua macho. Mwombee mtoto wako apende somo la baiolojia. Nasema hivyo kwa moyo wote.

Na nyinyi mliokuja hapa kwa zamu tangu mwezi wa pili, naomba mjue jambo moja. Kila mmoja alipokuwa anaondoka alisema, "Samahani, sikufanya kitu." Mmoja alichana nywele za Mama. Mwingine alikaa robo saa na kurudi dukani. Kuna aliyekuja akasimama mlangoni tu, akapunga mkono. Mama anawataja usiku, mmoja mmoja, kwa majina, wakati tunatazama dirisha.

Jumatano jumuiya iko kwetu, saa kumi na moja jioni. Viti ni vichache, kwa hiyo wengine mtakaa kitandani kwa Mama, mwenyewe ameruhusu. Mkisalimiana naye, msimpe mkono wa kushoto kwa kumhurumia. Mshikeni ule wa kuume.