Mnara wa watu

Jamani mi hii kitu ya castells kule Catalunya, Hispania, inanigusa sana, yaani watu wanapandana mabegani mpaka ngazi 9, hata 10, na anayefika kileleni ni mtoto, enxaneta wanamwita, anainua mkono juu halafu anashukia upande wa pili. Ilianzia mji wa Valls zaidi ya miaka 200 iliyopita, UNESCO wakaitambua 2010. Ila macho yangu mi yako chini, kwenye pinya, yaani msingi wa mnara, wanaweza kuwa mamia ya watu wamebanana kifua kwa mgongo, wengi hawaoni kabisa kinachoendelea juu, wanasikiliza tu zumari lao, gralla, linawaambia mnara umefika wapi. Ukiporomoka, wao ndo godoro. Na kushuka salama nako kunahesabiwa, usidhani wakifika juu ndo imeisha.