Boksi la Baiskeli Mbele ya Afisa wa Forodha

Boksi lenye baiskeli yangu lilitoka kwenye mlango wa mizigo mikubwa katika uwanja wa ndege, mbali na mkanda wa masanduku, na afisa wa forodha alikwisha kulitia macho kabla sijalifikia. Lilikuwa boksi la kadibodi la kiwandani, lile ambalo maduka hupokelea baiskeli mpya, na ubavuni lilikuwa na picha ya baiskeli. Kwa msafiri hakuna kifungashio kinachofaa zaidi. Kwa mtu wa forodha hiyo ni bidhaa ya dukani mpaka aoneshwe vingine. Ndiyo maana nilishika njia nyekundu, ya wenye kitu cha kutamka, yaani cha kuwaeleza forodha. Ukitamka kitu kisichotozwa ushuru unapoteza muda tu. Ukipita njia ya kijani na kitu kilichopaswa kutamkwa, unaweza kutozwa faini au kunyang'anywa mzigo.

"Ni mpya?" aliuliza. Kisha: "Utaondoka nayo?"

Maswali hayo mawili ndiyo forodha yote ya baiskeli ya msafiri. Baiskeli isiyo na mota imo katika namba 8712 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na ikiingia ili ibaki au iuzwe, hutozwa kama bidhaa nyingine. Lakini mkataba wa New York wa mwaka 1954 kuhusu nafuu za forodha kwa watalii unaitaja waziwazi kati ya vitu binafsi: baiskeli moja isiyo na mota, katika orodha moja na mtumbwi mdogo usiofika mita 5.5 na raketi mbili za tenisi. Sharti ni kwamba mtalii aondoke nayo. Tena ni moja. Ukija na fremu ya pili ya akiba, jiandae kuieleza. Baiskeli ya umeme ina namba yake, 8711.60, na betri yake kwa kawaida haifiki hata uwanjani, kwa kuwa abiria haruhusiwi kupanda ndege na betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 160 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri).

Nilimpa karatasi moja: aina ya baiskeli, rangi, namba ya fremu, thamani yake ya wakati ule, na vipuri vyote hadi tyubu za akiba. Nyuma yake niliambatanisha nakala ya risiti ya zamani na tiketi ya kurudi. Orodha ya vipuri ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tyubu mbili ni za safari, lakini minyororo mitano ikiwa bado kwenye pakiti zake ni biashara.

Akataka kuiona namba yenyewe. Katika baiskeli nyingi imegongwa chini ya fremu, pale mhimili wa pedeli unapopita, yaani sakafuni mwa boksi. Picha ya namba hiyo iliyopigwa kabla ya kufunga husaidia, lakini afisa ana haki ya kuiona kwa macho yake, kwa hiyo fremu ikatolewa.

Hapa ndipo ufungaji mbaya huumbuka. Pedeli, skrubu na mhimili wa gurudumu la mbele vilikuwa ndani ya mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu, hivyo hakuna kilichodondoka. (Pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mshale wa saa, wengi huilazimisha kinyume na kuharibu nyuzi.) Kati ya miguu ya uma wa mbele, unaoshika gurudumu, kulikuwa na kipande cha plastiki cha kuzuia isibanane. Na katikati ya pedi za breki za diski kulikuwa na kingine, kwa sababu kila anayeshika baiskeli hubana breki. Afisa naye aliibana. Bila kipande kile pistoni zingesogea, pedi zingekutana, na diski isingeingia tena mpaka zirudishwe nyuma kwa mkono.

Alitazama meno ya gia ya mbele yaliyolika, tandiko lililong'aa kwa kukaliwa, mikwaruzo ya fremu. Uchakavu ndio ushahidi bora kwamba baiskeli si ya kuuzwa. Lakini meza ya pili ilikuwa ya karantini, na huko hawataki kuona hata chembe ya udongo, maana udongo hubeba mbegu na vimelea. Australia na New Zealand zinajulikana sana kwa ukali huo. Ndiyo sababu ya kuosha kwa brashi vijia vya tairi, ndani ya vikinga matope, chini ya viatu vya pedeli, na kuacha mikwaruzo ilivyo. Baiskeli ya msafiri inatakiwa ionekane imezeeka, lakini safi.

Mwisho aliamua iingie kwa kibali cha muda, kwa dhamana ya fedha ya kurudishwa. Kabla ya kutia sahihi nililinganisha namba ya fremu herufi kwa herufi. Sifuri moja ilikuwa imeandikwa kama herufi O, ikasahihishwa palepale. Nikahakikisha tarehe ya mwisho ya kibali inapita tarehe ya tiketi, ili ndege ikiahirishwa kibali kisife mkononi.

Siku ya kuondoka nilifika uwanjani na boksi likiwa halijafungwa juu, selotepu mkononi, nikaenda forodha kabla ya kaunta ya ndege. Mpangilio huo hauna mbadala: mzigo ukishapokelewa na shirika la ndege, hakuna afisa atakayegonga muhuri kwa kitu asichokiona, na bila muhuri wa kutoka, baiskeli inahesabiwa imebaki nchini na dhamana inapotea. Anayetoka kwa barabara naye aushughulikie muhuri huo mpakani, hata kama basi halina haja ya kusimama dirishani kwa forodha. Namba ikasomwa, muhuri ukagongwa, nikafunga boksi palepale. Dhamana ilirudi baadaye kwenye kadi ileile niliyolipia.