Afande, naomba uniandikie

Kwa mwaka mzima na ushee nilikuwa natoa hela barabarani bila kujua nalipia nini. Nina kirikuu, Suzuki Carry nyeupe niliyoinunua mkononi mwa mtu, na kazi yake kubwa ni kushusha viazi kutoka Isyonje kuja Uyole na Mwanjelwa, hapa Mbeya. Ukiwa na gari la mzigo, tena dereva mwenyewe ni mama, unasimamishwa. Buku tano hapa, buku mbili ya chai pale. Ilifika mahali nikawa naweka noti tayari ndani ya kava la leseni ili nisichelewe sokoni.

Siku moja, baridi ya Juni ikiwa imenifungia ndani, nilipitia daftari la mauzo nikajumlisha nilichotoa barabarani mwezi ule. 38,000. Faini ya kosa moja wakati ule ilikuwa 30,000, na ukilipa unabaki na risiti. Mimi sikuwa na karatasi hata moja. Kilichoniuma zaidi ni tairi la nyuma kushoto. Lilikuwa kipara, nyuzi zinaanza kuonekana, na kila aliyelikagua alichukua noti akaniacha niendelee kushuka nalo mlima.

Wa Mbeya mtanielewa kwa nini hilo lilinikosesha usingizi. Ukisimama pale Iwambi, mteremko wa kwenda Mbalizi, kuna siku unasikia harufu ya breki zinazoungua kabla hujaliona lori lenyewe. Tumezika watu kwa ajili ya miteremko hii. Kwa hiyo simo kwenye kundi la wanaotaka trafiki waondolewe barabarani. Askari kukusimamisha, kudai leseni na bima, kukagua tairi, taa na breki, hata kulizuia gari bovu lisiendelee na safari, hayo ni mamlaka aliyopewa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Nataka ayatumie. Tairi langu lilipaswa kuandikwa siku ya kwanza kabisa.

Mdogo wangu anasomea sheria. Alipokuja likizo nilimfungulia lile daftari nikitegemea anionee huruma. Akaniambia, "Dada, wewe nawe umo. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa." Akanieleza kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimshiki mpokeaji peke yake. Nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimejihesabu kuwa mwonewa tu.

Halafu akanifundisha habari ya notifikesheni, ile karatasi ya kosa anayokuandikia askari. Askari akikukuta na kosa anakuandikia, na hapo una njia mbili: unakubali kosa na kulipa faini, au unakataa na shauri linakwenda mahakamani. Ukikubali, pesa haipiti mkononi mwa askari. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kwa wakala au benki, ndani ya siku 7. Zikipita hujalipa, inaongezeka asilimia 25, ile 30,000 inakuwa 37,500. Akaniandikia na namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, 113, nikaibandika nyuma ya simu.

Kabla sijadai haki yoyote nilikwenda Mwanjelwa nikanunua tairi.

Mara ya kwanza kulitamka neno lenyewe, "naomba uniandikie", nilitetemeka. Nilisimamishwa asubuhi, ukungu bado umelala barabarani, magunia manne nyuma. Nikazima gari, nikashusha kioo, mikono juu ya usukani.

"Habari za kazi, afande."

"Salama, mama. Leseni." Akaiangalia, akazunguka gari, akarudi. "Mwendo wako haukuwa mzuri huko nyuma. Sasa tunafanyaje?"

"Afande, naomba nione picha ya tochi."

Akanitazama. Akamwita mwenzake mwenye kile kifaa cha kupima mwendo, wakanionyesha. Gari ni langu, namba ni zangu, 63 kwenye eneo la 50. Sikuwa na la kubisha, na sikubisha.

"Ni kweli, afande. Naomba uniandikie."

"Mama, 30,000 hiyo. Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba."

Aliniandikia, sikuona akikasirika. Jioni nililipa kwa simu, nikaituma risiti kwa mdogo wangu. 30,000 ni pesa nyingi kwa muuza viazi, sitadanganya. Lakini tangu siku ile nikiona kile kibao cha 50 mguu unajitoa wenyewe kwenye mafuta. Ile buku tano haikuwahi kunifundisha kupunguza mwendo.

Mtihani wenyewe ulikuja miezi miwili baadaye, na huo haukuwa kosa langu. Mahali sitapataja. Askari kijana aliingiza namba ya gari kwenye mashine, akasema gari lina deni la makosa matatu, 112,500 pamoja na nyongeza. Moyo ulinilipuka. Mimi nilikuwa na kosa moja tu na nimelilipa.

"Hapa gari haliondoki," akasema. Mwenzake akanisogelea dirishani, akashusha sauti: "Mama, mzigo wako utaharibika. Toa 20,000 uwahi sokoni, deni utalipa taratibu."

Nakiri mkono ulikwenda kwenye pochi. Mteja wangu wa Mwanjelwa alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nikajizuia, nikauliza, "Afande, makosa hayo ni ya tarehe ngapi?"

"Mama, umekuwa mwanasheria?"

"Hapana, baba. Naomba tarehe tu."

Akasita, kisha akanigeuzia mashine. Yote matatu yalikuwa ya kabla sijalinunua gari. Nikatoa mkataba wa mauziano. Kijana akausoma, akasema deni linafuata gari, halimfuati mtu. Nikamwambia sina ugomvi naye, basi twende kituoni nikaonane na mkubwa wake. Sikupaza sauti, sikutoa simu kumrekodi, sikumtishia kwamba namjua fulani. Ninaamini hilo ndilo lililonisaidia. Nimeona wanaume wakianza kwa kufoka, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye kosa kwenda kwenye heshima. Hapo hakuna anayepona.

Kituoni nilisubiri saa mbili na dakika zake. Hii nayo ijulikane: ukisimama kwenye haki yako unaweza kulipa kwa muda wako. Mteja wangu alinunua kwa mwingine siku ile. Mkubwa wao, mtu mzima, alilinganisha tarehe za kwenye mfumo na za kwenye mkataba, akasoma kile kifungu ambacho mdogo wangu alining'ang'aniza nikiweke siku ya kununua: madeni yote ya nyuma ya gari ni juu ya muuzaji. Akaniambia kwenye mfumo deni litabaki kwenye namba ya gari mpaka lilipwe, lakini akanipa siku tatu nimtafute aliyeniuzia, na akaniruhusu niondoke na viazi vyangu. Yule aliyeniomba 20,000 hakuniangalia usoni nilipotoka.

Muuzaji alinizungusha siku ya kwanza. Siku ya pili nilimsomea kifungu kwenye simu, neno kwa neno, na saini yake iko chini. Akalipa. Niliingia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni mtandaoni, nikaweka namba ya gari, nikaona hakuna deni. Ningejua kwamba mtu yeyote anaweza kuangalia hivyo, ningeangalia kabla sijatoa hata senti ya kununua gari. Wewe unayetaka kununua gari la mkononi, fanya hivyo leo, kabla hata hujaliwasha kusikiliza injini.

Siku hizi kwenye droo ya gari kuna bahasha ya kaki: nakala ya mkataba, kadi ya gari yenye jina langu, bima, na risiti za faini zote nilizowahi kulipa. Noti kwenye kava la leseni haipo. Askari wa njia yangu wameshanizoea, wengine nikishusha kioo wanasema wao kwanza, "Huyu mama ni wa kuandikiwa."

Juzi Jumanne waliniandika kweli. Taa ya breki ya kulia haikuwaka, na sikuwa najua. Askari aliniambia nishuke, yeye akakanyaga breki nikaenda nyuma kuangalia kwa macho yangu. Ilikuwa imekufa. Nikapokea karatasi, nikamshukuru, nikapita kwa fundi wa umeme Uyole akabadilisha globu kabla sijashusha magunia. Faini nililipa jioni ileile, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za stoo, mikono bado ina udongo wa viazi.